Simu moja, mahakama saba: nani ana haki ya kukuhukumu?

Jirani yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, alibisha hodi kabla jua halijachomoza, mkononi ana sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyofungwa ndani ya kitenge. "Banamufunga mutoto wangu," akasema. Nilimkaribisha akae, hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama pale pale mlangoni: "Banamukatia myaka ngapi?"

Kijana alikuwa amekamatwa jana yake jioni, sokoni, kwa ajili ya simu. Hakuwa amesimama mbele ya juji yeyote. Hakuna aliyemkatia mwaka, wala mwezi, wala siku. Ila kwa mama yake, mlango wa chuma ulipofungwa tu, hukumu ilikuwa imeshatoka.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mwaka 2025 nililisikia mara nyingi kwa sura nyingine, kwenye basi za Kenya na Ruashi, mitaa ya mji wetu, na kwenye meza za wauza kredi za simu. Mwezi Mei, Mahakama ya Katiba ya nchi yetu, Kongo ya Kinshasa, ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa waziri mkuu. Mwanzoni mwa Septemba, Mahakama ya Kasasiyo, ile ya juu ya kesi za kawaida, ikamhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria. Mwisho wa mwezi huohuo, Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu Joseph Kabila, aliyekuwa rais, akiwa hayupo. Watu wakauliza: nchi ni moja, sheria ni moja, mbona hawa watatu wamepitia milango mitatu? Wengine wakajijibu wenyewe kwamba wakubwa huchaguliwa juji wa kuwafaa, au wa kuwamaliza.

Swali la mama wa Katuba na swali la watu wa basi yanakutana mahali pamoja: nani ana haki ya kumhukumu nani, na haki hiyo ameipata wapi? Mimi si juji wala avoka, yaani wakili. Ni mtu ambaye amekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama, akiandika. Nitajaribu kulifungua fundo hili taratibu.

Neno moja, mambo matatu

Tuanze na neno "kufungwa", maana humo ndimo tunamopotelea. Kiswahili chetu cha hapa kinalitumia kwa hali tatu ambazo sheria imezitenganisha kabisa.

Ya kwanza ni kuzuiliwa polisi. Afisa wa polisi ya upelelezi, yule tunayemwita OPJ, anaweza kumzuia mtu ili amhoji na kuandika PV, yaani karatasi ya maelezo yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inampa saa 48, basi. Saa hizo zikiisha, mtu aachiwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria inayohusika, ambayo kwa kawaida ni parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Na tangu dakika ya kwanza ana haki ya kuwasiliana na ndugu zake au avoka wake.

Ya pili ni kuzuiliwa ukingoja kesi. Parke ikiona sababu nzito, inatoa hati ya kukamata kwa muda, kisha inapaswa kumfikisha mtu mbele ya juji wa mahakama ya amani, ile tunayoiita tripe, ndani ya siku tano. Juji huyo haulizi kama mtu ameiba. Anauliza kama kuna haja ya kuendelea kumshikilia. Akikubali, anatoa siku 15, na baada ya hapo inaweza kuongezwa mwezi baada ya mwezi, kila mara kwa uamuzi mpya. Katika magereza yetu wengi wanaolala chini kwenye simenti wako katika hali hii ya pili: hawajahukumiwa.

Ya tatu ndiyo kifungo chenyewe, kinachokuja baada ya kesi kusikilizwa na hukumu kusomwa.

Mtu akiwa katika hali mbili za kwanza, bado sheria inamhesabu kuwa hana hatia. Hilo linasemwa wazi katika kifungu cha 17: uhuru ndio kanuni, kuzuiliwa ni jambo la pekee, na kila mshtakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho isiyoweza tena kukatiwa rufani. Kwa hiyo yule anayesema barabarani "kama hakufanya kitu wasingemufunga" anaanza hesabu kutoka mwisho.

Parke nayo inatuchanganya. Watu husema "parke imemuhukumu". Parke haihukumu. Fikiria mchezo wa mpira wa Mazembe na Lupopo. Parke ni timu moja uwanjani: inashambulia kwa niaba ya jamii, inaleta ushahidi, inaomba adhabu. Avoka wa mshtakiwa ni timu ya pili. Mwenye filimbi ni juji. Kinachotuvuruga ni kwamba wa parke na wa mahakama wote wanaitwa majistra, wote wanavaa joho. Ukiingia ukumbini utawatofautisha kwa jambo dogo sana: wa parke anasimama anapozungumza, juji anabaki amekaa. Wenyewe wanaitana hivyo, majistra wa kusimama na majistra wa kukaa.

Daftari la likelemba

Sasa, mamlaka hayo yote yanatoka wapi? Akina mama wanaocheza likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Kabla ya mchango wa kwanza kutolewa, wanakaa chini na kuandika katika daftari: nani anashika pesa, nani anapokea lini, anayechelewa analipa faini gani. Mshika pesa ana nguvu kubwa, lakini nguvu yake imetoka kwenye daftari. Hawezi leo, kwa kuwa umemuudhi, kukwambia: "Mama, faini yako ni mara mbili." Utamwambia afungue daftari amuonyeshe kila mtu palipoandikwa.

Katiba ndiyo daftari hilo kwa nchi. Rais, waziri, gavana, jenerali, juji, OPJ wa mwisho katika kituo cha mwisho, wote wanashika walichopewa na daftari. Chini yake kuna sheria za Bunge, kisha amri na maagizo ya viongozi mbalimbali, na kila ya chini inapaswa kukubaliana na ya juu. Orodha ya makosa ya jinai na adhabu zake, Katiba imeikabidhi kwa sheria. Shefu wa mtaa hawezi kuamka na kubuni kosa la kumpeleka mtu gerezani.

Kutoka hapo inazaliwa kanuni ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote katika kifungu cha 17: hakuna anayeweza kushtakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda, na hakuna anayepewa adhabu kali kuliko ile iliyokuwapo siku hiyo. Faini iandikwe kwanza, ndipo mtu achelewe.

Kanuni ya pili ni ya kifungu cha 19: hakuna anayeweza kuondolewa, bila ridhaa yake, mbele ya juji ambaye sheria imempangia. Isome tena polepole. Juji wako amepangwa na sheria kabla hujakosa. Mlalamikaji hamchagui, wewe humchagui, waziri hamchagui. Ndiyo maana swali la kwanza katika kesi yoyote, kabla ya kuuliza nani ameiba, ni kama mahakama hii ina mamlaka. Mahakama isiyo na mamlaka ni kama basi lililoandikwa Ruashi wakati wewe unakwenda Katuba. Dereva anaweza kuwa hodari, injini inaweza kuwa mpya, nauli unaweza kuwa nayo, ila hilo si basi lako.

Simu ile ile, mikono tofauti

Tuchukue simu moja iliyoibwa katika soko la Kenya, na tubadilishe mwizi tu.

Mwizi ni mtu mzima wa kawaida, amechomoa simu mfukoni kimya kimya. Huo ni wizi wa kawaida, na sheria ya adhabu inaupa kifungo kisichozidi miaka mitano. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inayopanga mahakama zetu inasema makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano ni ya tripe. Kesi inakwenda huko.

Mtu huyo huyo amempiga mama mwenye simu, au amemtishia, ndipo akaichukua. Adhabu sasa inaweza kufika miaka 20. Tripe haina tena mamlaka, kesi inapanda TGI, mahakama inayosikiliza makosa yanayozidi miaka mitano pamoja na yale ya adhabu ya kifo. Simu ni ile ile. Kofi moja limebadilisha mahakama.

Mwizi ni mtoto wa miaka 15. Hapo hatujali tena kama alipiga au hakupiga: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampeleka mbele ya mahakama ya watoto. Na kama hajatimiza miaka 14, sheria inasema hawezi hata kubebeshwa hatia ya jinai. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya tendo.

Mwizi ni mwanajeshi au polisi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinawaweka wote wawili chini ya mahakama za kijeshi. Wengi hushangaa kuhusu polisi, kwa kuwa anaishi nasi mtaani na anavaa sare tofauti. Daftari linasema hivyo. Askari wa vyeo vya chini huanzia mahakama ya kijeshi ya garnizoni, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo mahakama inavyopanda, mpaka jenerali anayehukumiwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi.

Mwizi ni mbunge wa mkoa, au ni majistra. Yeye anaanzia mahakama ya rufani.

Mwizi ni mbunge wa taifa, seneta, waziri au gavana wa mkoa. Huyo ni wa Mahakama ya Kasasiyo huko Kinshasa, na mbunge hawezi kushtakiwa Bunge likiwa kikaoni bila ruhusa ya wenzake, isipokuwa amekamatwa papo hapo.

Na mwizi akiwa rais au waziri mkuu, katika kazi yake au kwa sababu ya kazi yake, juji wake ni Mahakama ya Katiba, yenye majuji tisa wa kipindi cha miaka tisa, baada ya Bunge na Seneti kukaa pamoja na kupiga kura ya theluthi mbili. Kama kosa halikuhusiana na kazi, mashtaka yanangoja muhula uishe.

Kwa hiyo yapo maswali ambayo kila mtu anaweza kujiuliza mwenyewe akisikia kesi redioni: ni nani aliyetenda, ni kosa gani, na ni wapi. Hilo la mwisho ni rahisi kuliko linavyotisha. Umeiba Likasi, unakaa Lubumbashi, umekamatwa Kasumbalesa: juji wa Likasi, wa Lubumbashi na wa Kasumbalesa wote wana mamlaka ya kukusikiliza, mradi ngazi ya mahakama ni sahihi. Kuvuka mji hakufuti kosa.

Je, ni upendeleo kwa wakubwa?

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo hasira za watu zilipo. Kwa nini mtu wa Katuba ahukumiwe tripe na waziri apandishwe Kinshasa?

Sababu ya awali ni kumlinda juji na kuilinda kazi. Juji kijana wa tripe, mbele ya gavana mwenye walinzi nje ya ukumbi, atakuwa na uhuru gani? Na waziri anayeweza kuitwa kila wiki na kila mahakama ya kila mji, atafanya kazi saa ngapi? Hoja hizo zina nguvu. Lakini kuna bei ambayo watu hawaioni. Kijana wa simu akihukumiwa na tripe anaweza kukata rufani TGI, na baadaye, kwa masuala ya sheria tu, kufika Kasasiyo. Waziri anahukumiwa na Kasasiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Hukumu ya Mahakama ya Katiba haikatiwi rufani popote. Yaani mwizi wa simu ana nafasi ya pili ambayo waziri mkuu hana. Kwangu mimi hilo ni pungufu katika Katiba yetu, kwa sababu Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 61, imeiweka haki ya rufani kati ya haki ambazo hata wakati wa hali ya hatari haziguswi.

Kesi ya Matata Ponyo inaonyesha jinsi swali la mamlaka linavyoweza kumeza miaka. Alikuwa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, na alishtakiwa kuhusu pesa za shamba kubwa la serikali la Bukanga Lonzo. Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ilisema haina mamlaka, kwa kuwa yeye si waziri mkuu tena. Kesi ikaelekezwa Kasasiyo. Novemba 2022 Mahakama ya Katiba, ile ile, ikasema sasa inayo, kwa sababu matendo yanayosemwa yalifanyika akiwa kazini. Mei 2025 ikamhukumu miaka 10 ya kazi za nguvu. Tofauti ya mwaka wa 2021 na wa 2022 ni katika kusoma maneno "waziri mkuu": je, tunaangalia kiti anachokalia leo, au kiti alichokalia siku ya tendo? Mimi naona usomaji wa pili una akili zaidi, maana vinginevyo mtu angengoja tu kazi iishe ili abadilishe juji. Lakini mahakama iliyojibu "hapana" kisha "ndiyo" kwa swali lile lile imewaachia wananchi shaka, na siwezi kuwalaumu kwa shaka hiyo.

Kesi ya Mutamba ilikuwa nyoofu zaidi kwa upande wa mamlaka: mashtaka yalihusu pesa za kujenga gereza Kisangani, wakati yeye ni waziri. Waziri ni wa Kasasiyo, na Bunge ndilo linalotoa idhini.

Ya Kabila ndiyo ngumu. Rais wa zamani ni seneta wa maisha, na seneta kwa kawaida ni wa Kasasiyo. Seneti ilimwondolea kinga Mei 2025, kisha akashtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi kwa uhaini na makosa ya kivita, akahukumiwa kifo bila kuwapo. Sheria ya kijeshi inawagusa pia raia katika hali fulani, kwa mfano wanaowachochea au kuwasaidia wanajeshi kutenda makosa. Upande wa mashtaka uliona mlango uko wazi. Wanasheria wengine wanasema Seneti peke yake haikutosha, kwamba kwa rais wa zamani Bunge na Seneti zilipaswa kukaa pamoja. Ukisikia ubishi huo ujue hawabishani kama alitenda au hakutenda. Wanabishana kuhusu basi.

Hali ya hatari na ndugu zetu wa Goma

Kuna wakati Katiba yenyewe inaruhusu basi kubadilishwa. Wakati wa vita, au hali ya hatari ikitangazwa, kifungu cha 156 kinamruhusu rais, baada ya baraza la mawaziri kukaa, kusimamisha kazi ya mahakama za kiraia katika mambo ya jinai na kuikabidhi kwa mahakama za kijeshi, mahali fulani, kwa muda fulani, kwa makosa fulani. Hilo lilitokea Ituri na Kivu Kaskazini kuanzia Mei 2021. Ndiyo maana raia wa Goma wakati huo aliweza kujikuta mbele ya juji mwenye sare kwa kosa ambalo mwenzake wa Lubumbashi angelisikilizwa nalo tripe. Lakini hata hapo rufani haisimamishwi. Kifungu kile kile kinasema hivyo mwishoni, na mara nyingi ndiyo sentensi inayosahaulika.

Deni, meka ya unga na baiskeli

Narudi mtaani, kwa jambo linalowajaza watu vituoni kuliko siasa zote: deni.

Umekopa dola 200, biashara imeanguka, mwenye pesa anakuja na polisi. Je, deni linafunga? Katiba inajibu katika kifungu cha 61: ni marufuku kumfunga mtu kwa ajili ya deni, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Mwenye pesa aende na kesi ya madai, adai pesa zake, ikibidi mali ikamatwe. Mwili wa mtu haulipi deni.

Sasa utasema: mbona fulani alifungwa kwa pesa za watu? Angalia vizuri. Ukiazima meka ya unga, kile kipimo cha sokoni, kwa jirani, utausonga, utaula, na kesho utarudisha unga mwingine. Hakuna anayedai unga ule ule. Huo ni mkopo. Ukiazima baiskeli, lazima urudishe baiskeli ile ile, na ukiiuza umetenda kosa la jinai, kuvunja uaminifu, ambalo adhabu yake inafika miaka mitano. Pesa zinaweza kuwa unga au baiskeli. Nikikukopesha dola 200 uzifanyie biashara, ni unga. Nikikupa dola 200 uzifikishe kwa shangazi yangu Likasi, ukazila njiani, ni baiskeli. Na kama ulinidanganya tangu mwanzo, kwa jina la uongo au kazi ya uongo, ndipo nikakupa, huo ni utapeli, nao ni jinai.

Ujanja unaofanyika ni huu: mwenye unga anaandika malalamiko kana kwamba alitoa baiskeli. OPJ asiyeuliza maswali, au asiyetaka kuuliza, anazuia. Ukijikuta hapo, swali la kumuuliza kwa adabu ni moja: "Shefu, hizi pesa nilipewa nizitumie au nizitunze?" Na lijibiwe ndani ya PV.

Papo hapo niseme kuhusu faini. OPJ anaweza, kwa makosa madogo, kupendekeza faini ili jambo liishe. Sheria inaijua njia hiyo. Lakini pesa hizo ni za hazina ya serikali na lazima ziwe na risiti yake. Pesa zinazoingia mfukoni bila karatasi hazimalizi kesi yoyote, kesho faili linaweza kufufuka.

Na mama asikamatwe kwa sababu mwanaye amekimbia. Nimeona mama wa miaka 60 amekalishwa kituoni siku nzima ili "mtoto ajilete". Kifungu cha 17 hakina maneno mengi: hatia ya jinai ni ya mtu mwenyewe, hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine. Hakuna mzazi wala mke wala kaka anayeingia badala.

Raia mdogo na mahakama kubwa

Wengi wanadhani Mahakama ya Katiba ni ya wanasiasa na uchaguzi tu. Kifungu cha 162 kinampa kila mtu haki ya kuiendea akiona sheria au kanuni inapingana na Katiba. Zaidi ya hapo, ukiwa katikati ya kesi yako ya kawaida, hata tripe, avoka wako anaweza kusema: sheria mnayotaka kunihukumu nayo inakwenda kinyume cha Katiba. Juji akilipokea jambo hilo anasimamisha kesi na kupeleka swali Kinshasa. Haitumiki kila siku, na isitumiwe kupoteza muda, lakini mlango upo, na uko katika daftari la wote.

Tatizo ni kwamba daftari lenyewe wengi hawajawahi kulisoma kwa lugha yao. Kifungu cha 62 kinasema hakuna anayeruhusiwa kudai kwamba haijui sheria. Kifungu cha 142 kinaidai serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Hivyo viwili vilikusudiwa kutembea pamoja. Mimi ninakaa Lubumbashi, mji unaoamka na kulala kwa Kiswahili, na bado naona watu wakitia sahihi PV za Kifaransa wasizoweza kusoma. Usitie. Kifungu cha 18 kinataka uelezwe sababu ya kukamatwa kwako kwa lugha unayoielewa. Omba isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na kama hujakubaliana, sema hivyo na iandikwe.

Hukumu ikishatoka, siku za rufani ni 10. Watu hupoteza siku hizo wakitafuta "mtu wa kuongea naye" huko juu, na siku ya 11 hakuna avoka anayeweza kuzirudisha kwa urahisi.

Asubuhi ile nilikwenda na jirani yangu kituoni. Kijana ni mrefu, amenizidi kimo, na ndevu zimeanza kumchungulia. PV ilimwandika ana miaka 19. Avoka aliyekuja mchana, binti mpole mwenye mkoba uliokatika mshipi, hakuuliza lolote kuhusu simu. Aliuliza: "Mama, ulimuzaa lini?"

Mama akafikiri. "Juma lile Mazembe bacheza na Inter."

Sisi sote pale tuliijua tarehe hiyo, hata polisi aliyekuwa ameegemea mlango. Fainali ya kombe la dunia la vilabu, Desemba 2010. Avoka akahesabu kwa vidole, akafunga mkoba, akasema hiki kituo hakina la kufanya na tripe haina la kufanya, huyu ni wa mahakama ya watoto, lakini wao huko hawataamini mpira, wataomba karatasi. Mama akakabidhi sufuria kwa mlinzi, akafunga kitenge upya kiunoni, akashika njia ya Katuba kwenda kufungua sanduku lililo chini ya kitanda, ambamo buletini zote, yaani ripoti za shule, zimo, tangu ya darasa la kwanza.